Pedi na diski za breki za pikapu: kuzibadilisha mwenyewe nyumbani, hatua kwa hatua

Pedi za breki zikikaribia kwisha, pikapu nyingi hukupigia filimbi kabla mambo hayajaharibika. Kwenye bamba la pedi kumepachikwa kichuma chembamba kilichopindwa. Pedi ikibaki na unene wa milimita 2 au 3 hivi, kichuma hicho huanza kugusa diski na kulia. Ukijifanya hukusikia, filimbi huisha na mahali pake huja mkwaruzo mzito unaousikia hadi kwenye unyayo. Hapo bamba la chuma linakula diski, na kazi iliyokuwa ya pedi tu imeshakuwa ya pedi na diski.

Inawezekana kuifanya nyumbani ukiwa na jeki nzuri, sakafu ngumu iliyo sawa, na siku ambayo huna safari. Mara ya kwanza tenga saa nne hadi sita kwa ekseli ya mbele. Hapa nazungumzia breki za mbele zaidi, maana ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya kazi: ukikanyaga, uzito wa gari hukimbilia mbele, na pikapu isiyo na mzigo nyuma huwa nyepesi kabisa. Pikapu nyingi nyuma zina dramu, na dramu ni somo jingine.

Kosa langu la mwanzo ndilo lililonifundisha kazi hii. Nilifunga diski mpya na pedi mpya, nikanawa mikono, nikajisifu. Miezi michache baadaye usukani ukaanza kutetemeka kila nilipokanyaga breki kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Nikalaumu diski. Nikanunua nyingine, nazo zikaja kufanya yale yale. Nilipofungua mara ya tatu nikapitisha kidole kwenye uso wa habu, pale diski inapokaa, nikakuta gamba la kutu lililoinuka kama kigaga cha kidonda. Diski zote mbili nilikuwa nimezikalisha juu ya kigaga hicho. Tangu siku hiyo, nusu ya muda wangu wa breki huishia kwenye brashi ya waya.

Pima kabla ya kununua

Vua gurudumu moja utazame. Pedi mpya huwa na nyenzo ya msuguano yenye unene wa milimita 10 hadi 12 hivi, bila kuhesabu bamba la chuma. Ikishuka hadi 3, badilisha. Tazama pedi ya ndani pia, ile inayoangalia injini, maana mara nyingi ndiyo inayotangulia kwisha, na ukichungulia kwa nje tu hutaiona.

Diski ina kipimo chake. Kwenye ukingo wake au kwenye kofia yake ya katikati pamechorwa unene wa chini unaoruhusiwa, mara nyingi ukitanguliwa na herufi MIN TH. Pima kwa mikromita katika sehemu sita hadi nane kuzunguka diski, ndani kidogo ya ukingo. Ukitumia vernia ya kawaida, uwe mwangalifu: ukingo wa nje hauguswi na pedi, kwa hiyo hubaki kama mdomo ulioinuka, na taya za vernia zikiukalia huo mdomo zitakudanganya kwamba diski bado nene. Diski iliyofika kipimo cha chini, yenye nyufa zinazofika ukingoni, au yenye mifereji inayokwaza ukucha, haina mjadala.

Nunua kwa ekseli nzima, kushoto na kulia pamoja. Upande mmoja mpya na mwingine mzee ni kuomba gari livute upande unapofunga breki. Unaponunua, toa modeli, mwaka, na kama gari ni 4x4 au la, kwa sababu pikapu za jina moja huweza kutofautiana ukubwa wa diski. Kabla ya kufungua chochote, linganisha ya zamani na mpya: kipenyo, urefu wa kofia, idadi ya matundu. Kugundua kwamba diski haiingii wakati gari limeshavuliwa breki ni uchungu ambao si lazima uuonje.

Pia jua diski yako imefungwaje. Katika pikapu nyingi za siku hizi diski huchomekwa juu ya stadi za gurudumu (bolti zinazotokeza kwenye habu) na kushikwa na nati za gurudumu, pengine na skrubu moja au mbili. Lakini zipo pikapu za zamani ambazo diski imefungwa kwa nyuma ya habu, na kuitoa ni lazima utoe habu pamoja na beringi zake, uzioshe, uzipake grisi mpya na uzirekebishe upya. Kama yako ni ya namna hiyo, na hujawahi kugusa beringi za gurudumu, huu si mwaka wa kuanza na zote mbili kwa siku moja.

Vifaa

Jeki ya sakafuni inayoweza uzito wa gari lako, stendi mbili za jeki, na kabari za magurudumu. Soketi na ringi spana, pamoja na kipini kirefu cha soketi, kwa sababu bolti za breketi, fremu inayobeba kalipa na pedi, hukazwa kwa nguvu nyingi. Spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Brashi ya waya, msasa, bisibisi bapa, nyundo, waya mgumu wa kutundikia kalipa (kile kinachobana pedi kwenye diski), na jiliwa la mkono lenye umbo la herufi G la kurudishia pistoni, sehemu ya kalipa inayosukuma pedi. Kopo la dawa ya kusafishia breki, mafuta ya kulegeza kutu, mafuta ya breki yaliyo kwenye chupa ambayo haijafunguliwa, na grisi ya silikoni iliyotengenezwa kwa pini za kalipa. Usichukue grisi ya kawaida ya beringi ukaipaka kwenye pini: grisi zenye asili ya petroli huvimbisha mipira ya breki, na pini inayoteleza vizuri leo itakwama baada ya muda.

Glavu, miwani na barakoa. Vumbi la breki usilipulize kwa mdomo wala kwa hewa ya kompresa. Pedi za zamani huweza kuwa na asbesto, na hata zisizo nayo vumbi lake si la kuvuta. Lilowanishe kwa dawa ya kusafishia, liache lidondokee kwenye chombo, kisha futa kwa kitambaa utakachokitupa. Hiyo dawa yenyewe itumie nje, penye hewa, mbali na moto na mbali na kazi ya kuchomelea. Aina zenye klorini zikipata joto kali hutoa gesi yenye sumu.

Kuinua gari

Legeza nati za gurudumu robo mzunguko wakati tairi bado iko chini. Gurudumu likiwa hewani litazunguka nawe, au mbaya zaidi, utalitikisa gari lililo juu ya jeki. Weka gia, vuta hendibreki, piga kabari magurudumu ya nyuma, mbele na nyuma ya tairi.

Inua mahali kitabu cha gari kinapoonyesha, weka stendi chini ya chesisi au sehemu iliyoidhinishwa, shusha gari likae juu ya stendi, kisha lisukume kwa bega. Likiyumba, anza upya. Jeki peke yake haishikilii gari ambalo mtu anaweka mkono chini yake, hata kwa dakika mbili. Gurudumu ulilolivua lilaze chini ya chesisi. Stendi ikiteleza, gari litakalia tairi badala ya kukukalia wewe.

Fanya upande mmoja hadi umalize, ndipo uhamie wa pili. Ukisahau kichuma kinakaa wapi, upande ambao hujaugusa utakuonyesha, ingawa kwa sura ya kioo: kushoto kukiwa kulia.

Kufungua kalipa

Kuna aina mbili utakazokutana nazo. Ya kwanza ni kalipa inayotembea: pistoni moja au mbili upande wa ndani, na mwili wa kalipa unateleza juu ya pini mbili. Hii hufunguliwa kwa kutoa bolti za pini, mara nyingi kwa nyuma. Ikibidi, shika pini yenyewe kwa spana bapa isizunguke nawe. Ya pili ni kalipa isiyotembea, yenye pistoni pande zote mbili. Toyota Hilux na Tacoma nyingi zina hii, pistoni nne. Pedi zake hutoka kwa uwazi wa nyuma baada ya kuchomoa vipini viwili na vibanio vyake, lakini ili kutoa diski bado kalipa nzima lazima ifunguliwe. Angalia bomba la chuma la breki lililo karibu. Mara nyingi kuna kibano kidogo cha kukifungua kwanza, ili kalipa isogee bila bomba kupindika.

Kalipa ikitoka, itundike kwa waya kwenye springi au mkono wa saspensheni. Isining'inie kwa mpira wa breki. Mpira huo unaweza kuchanika kwa ndani bila kuonyesha dalili yoyote nje, na kipande kilicholegea ndani kikawa kama mlango unaofunguka upande mmoja: mafuta yanaingia, hayarudi, na gurudumu linabaki limeshikwa.

Hapa pumzika kidogo usome pedi za zamani, maana zina habari. Pedi ya ndani imeisha na ya nje bado nene? Pini za kalipa zimekwama. Pedi imelika kama kabari, upande mmoja mwembamba na mwingine mnene? Tena ni pini, au masikio ya pedi yamebanwa na kutu kwenye breketi. Pedi zote mbili za gurudumu moja zimeisha na za gurudumu la pili bado? Shuku pistoni inayogoma kurudi au mpira wa breki uliooza ndani. Ukifunga pedi mpya bila kutibu lililoua za zamani, utarudi hapa mapema.

Kisha fungua breketi. Bolti zake mbili ziko nyuma na zimekazwa sana, na baadhi zimepakwa gundi ya nyuzi kiwandani. Tumia soketi yenye pembe sita, si ile yenye pembe kumi na mbili inayopenda kuviringisha vichwa vya bolti, na vuta kwa mkupuo mmoja thabiti. Kama kitabu cha gari kinasema bolti hizo hutumika mara moja tu, nunua mpya.

Diski iliyogoma

Diski iliyokaa miaka mingi hushikana na habu kwa kutu kana kwamba imechomelewa. Kama ina skrubu ndogo, piga kichwa chake nyundo mara mbili tatu kabla ya kuzungusha bisibisi. Mshtuko hulegeza kutu, na bisibisi itafiti vizuri zaidi. Nyunyizia mafuta ya kulegeza pale kofia inapokutana na habu na kuzunguka stadi, kisha nenda kanywe chai.

Mara nyingi kwenye kofia kuna matundu mawili yenye nyuzi, kwa kawaida ya bolti za M8. Hayakuwekwa kama pambo. Chomeka bolti mbili, zikaze kwa zamu, robo mzunguko huku na robo kule, nazo zitaisukuma diski itoke yenyewe. Yasipokuwapo, piga nyundo kwenye kofia katikati ya stadi, zungusha diski, piga tena. Ukijua diski hii haitarudi, huna haja ya kuionea huruma. Ila usikose ukapiga stadi, na kabla hujaanza rudisha nati moja nyuzi chache ili diski ikiruka isikuangukie mguuni.

Habu, mahali ambapo kazi inaharibikia

Tazama uso wa habu, lile duara la chuma ambalo stadi zimetokea. Diski inategemea uso huu ili izunguke sawasawa. Sema umeacha kigaga cha kutu chenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita upande mmoja. Diski ni pana kuliko habu, kwa hiyo mwinamo huo ukifika ukingoni unakuwa mara mbili au zaidi. Kuyumba kunakokubalika kwenye magari mengi ni karibu milimita 0.05. Umeshapita kikomo kabla hujawasha gari.

Na ubaya wake hauonekani siku hiyo. Gari litatembea laini kabisa. Lakini kila mzunguko diski inayoyumba inagusa pedi kidogo mahali pale pale, hata usipokanyaga, na baada ya kilomita elfu kadhaa pale panakuwa pembamba kuliko kwingine. Hapo ndipo mtetemo unapoanza, na mtu anasema diski “zimepinda kwa joto”. Mara nyingi hazikupinda. Zimelika bila usawa, au zimebandikwa nyenzo ya pedi mahali fulani, na chanzo ni namna zilivyofungwa.

Kwa hiyo sugua. Brashi ya waya kwanza, kisha msasa uliofungwa kwenye kipande kidogo cha ubao bapa, ili uondoe vilima bila kuchimba mabonde. Sehemu ngumu ni kuzunguka mashina ya stadi, ambako brashi haifiki na kutu hujificha kama pete. Mimi hutumia kipande kifupi cha bomba kilichovikwa msasa kwa ndani, kinachoingia juu ya stadi, nakizungusha kwa mkono. Malizia kwa kukwangua mdomo wa katikati unaobeba tundu la diski. Futa kwa dawa, fumba macho, pitisha ncha ya kidole. Kidole husikia kile ambacho jicho halikioni.

Grisi nyingi hapa ni kosa la pili. Ukitaka kuzuia kutu, paka utando mwembamba sana wa grisi ya kuzuia kushikana kwenye mdomo wa katikati tu, si kwenye uso wala kwenye stadi.

Diski mpya nyingi huja na mafuta ya kuzuia kutu. Ziloweshe dawa ya kusafishia pande zote mbili na ufute hadi kitambaa kitoke cheupe, au zioshe kwa maji ya moto na sabuni na uzikaushe mara moja. Zilizopakwa rangi ya kijivu ya kuzuia kutu huwa hazina mafuta, lakini futa vumbi hata hivyo. Kisha ikalishe diski, ifunge kwa nati mbili au tatu za gurudumu ukizikaza kidogo, na kama una saa ya kupimia kuyumba, huu ndio wakati wake. Ikizidi kipimo, izungushe hadi tundu linalofuata la stadi upime tena. Mara nyingine nafasi moja tu inaleta nafuu.

Pini, breketi na pistoni

Chomoa pini za kalipa. Ziwe laini, zing'ae, na ukizirudisha ziteleze kwa kidole. Iliyo na kutu au mkwaruzo ibadilishe. Kabla ya kuzichomoa kumbuka ipi ilikuwa juu, kwani mara nyingi moja ina kimpira nchani na nyingine haina, nazo hazibadilishani nafasi. Futa grisi ya zamani ndani ya matundu, paka mpya utando mwembamba. Ukijaza tundu grisi, hewa haina pa kutokea na pini itarudi nyuma kama springi.

Kwenye breketi, ng'oa vibati ambavyo masikio ya pedi huteleza juu yake na usugue kutu iliyo chini yake hadi chuma kionekane. Kutu hiyo huinua kibati, kibati hubana pedi, na pedi iliyobanwa haiachii diski. Weka vibati vipya kama vimekuja na pedi. Pedi ikae kwa kusukumwa na vidole. Ikihitaji nyundo, bado hujamaliza kusugua.

Pistoni sasa. Fungua kifuniko cha kopo la mafuta ya breki na utazame kimo. Kama mtu aliongeza mafuta wakati pedi zinaisha, ukisukuma pistoni yatafurika, na mafuta ya breki huvua rangi ya gari kama dawa ya kuondolea rangi. Yanyonye kidogo kwa bomba la sindano, na uwe na ndoo ya maji karibu: yakimwagika kwenye bodi, osha papo hapo.

Weka pedi ya zamani juu ya pistoni, fungisha jiliwa, sukuma polepole. Wengi, mimi nikiwamo, hufungua kwanza nipo ya kutolea upepo iliyo juu ya kalipa, huku mrija wa plastiki ukiingia kwenye chupa yenye mafuta kidogo, ili mafuta machafu ya ndani ya kalipa yatoke nje badala ya kurudishwa juu kwenye mfumo wa ABS, ule unaozuia magurudumu kujifunga. Funga nipo pistoni ikiwa bado inasukumwa, hewa isinyonywe. Kwenye kalipa zenye pistoni pande mbili, ukisukuma moja nyingine hutoka, basi zisukume pamoja au zizuie zilizobaki kwa kipande cha mbao. Pistoni inayokataa kurudi, au yenye mpira wa vumbi uliopasuka na kutu inayoonekana, inataka kalipa irekebishwe au ibadilishwe. Nguvu haitaisaidia.

Angalizo kwa wenye diski nyuma: baadhi ya pistoni za nyuma huzungushwa zikiingia, hazisukumwi, na gari lenye hendibreki ya umeme lazima liingizwe kwenye hali ya matengenezo kwanza.

Kufunga

Breketi kwanza, bolti zikazwe kwa toki ya kitabu cha gari lako. Namba hutofautiana sana: bolti za breketi huweza kuzidi Nm 100, wakati za pini za kalipa mara nyingi huwa Nm 25 hadi 40, na anayezikaza zote kwa hasira moja hukata za pini.

Pedi zina upande. Yenye kichuma cha filimbi mara nyingi huwa ya ndani, na kama ina mshale, ufuate mzunguko wa gurudumu linapokwenda mbele. Paka grisi ya breki kidogo mno kwenye masikio na mgongoni pale pistoni inapogusa. Uso wa msuguano usiguswe na chochote, hata vidole vyenye mafuta. Na usicheke: watu wameshafunga pedi huku bamba la chuma likiangalia diski.

Rudisha kalipa, kaza. Hakikisha mpira wa breki haukujikunja, kisha zungusha usukani hadi mwisho kushoto na kulia uone haugusi tairi wala haukazwi. Rudisha gurudumu, kaza nati kwa mkono kwa mtindo wa nyota, shusha gari, malizia kwa spana ya toki. Nati zilizokazwa ovyo kwa mashine huweza kuikalisha diski upande, na jasho lote la brashi ya waya likaenda bure.

Pedali kabla ya ufunguo

Ukikanyaga pedali sasa itazama hadi sakafuni. Ni kawaida: pistoni ziko mbali na pedi. Kanyaga polepole, nusu ya mwendo wake, achia, rudia, hadi iwe ngumu. Fanya hivi kabla injini haijawashwa na kabla gari halijasogea hata unyayo mmoja. Anayesahau hugundua kwenye ukuta au kwenye geti kwamba hana breki kwa mikanyago minne ya kwanza.

Jaza kopo hadi alama ya juu kwa aina iliyoandikwa kwenye kifuniko. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni za ukoo mmoja. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi nazo kabisa, ingawa jina linafanana. Mafuta ya huo ukoo wa kwanza hunyonya unyevu hewani, na unyevu hushusha joto la kuchemka: DOT 4 ikiwa kavu haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 230, ikishakunywa maji kikomo hushuka hadi 155. Yakiwa meusi, yabadilishe yote siku hiyo hiyo. Pedali ikibaki laini kama sponji baada ya kupampu, kuna hewa, na itabidi mtoe upepo, mmoja akikanyaga na mwingine kwenye nipo.

Kuzoesha pedi na diski

Zunguka kwanza polepole mahali tupu, ujaribu breki kwenye mwendo wa kutembea. Kisha tafuta barabara isiyo na magari. Kutoka kilomita 60 kwa saa, kanyaga kwa nguvu ya wastani hadi 15, bila kusimama kabisa. Ongeza mwendo tena, acha sekunde 30 hivi, rudia mara nane hadi kumi. Kama kiwanda cha pedi kimeandika utaratibu wake kwenye boksi, fuata huo. Utasikia harufu ya kuungua na pengine uone moshi kidogo: ni gundi za pedi zinazopikwa, na utando mwembamba wa nyenzo ya pedi unahamia kwenye diski sawasawa.

Joto linatoka wapi? Pikapu ya tani mbili kwenye kilomita 100 kwa saa ina nishati ya karibu kilojuli 770, inayotosha kuchemsha zaidi ya lita mbili za maji ya kawaida, na yote hiyo kila unaposimama lazima igeuke joto, sehemu kubwa ikiingia kwenye diski mbili za mbele. Ndiyo maana, ukimaliza mizunguko hiyo, endesha dakika kumi bila kukanyaga kwa nguvu ili upepo uzipoze. Usisimame na kushikilia pedali diski zikiwa za moto, pedi itaacha muhuri wake pale, na muhuri huo ni mtetemo wa kesho. Katika kilomita 300 za mwanzo usibebe mzigo mzito wala usivute tela ukiweza kuliepuka.

Siku hiyo hiyo ukirudi, simama bila kugusa diski, weka kiganja karibu na kila rimu. Kulia na kushoto kuwe na joto linalokaribiana. Gurudumu moja likiunguza na mwenzake vuguvugu, kuna pini au pistoni inayobana, rudi ukaifungue. Baada ya kilomita 50 hadi 100, rudia toki ya nati za gurudumu, tazama kimo cha mafuta, na chungulia nyuma ya kila kalipa kama kuna unyevu.